Mgeni wa Kitunguu cha Fisi

Katika kauntabuku la Nestory Machibya ulikuwa umebaki mstari mmoja mtupu, na mstari huo ulimkera kuliko meno yake ya nyuma, ambayo nayo hayakuwa na nafuu. Mistari mingine yote ilikuwa imejaa. Shubiri mwitu: huchanua Juni, hukoma Agosti, wageni wake ni ndege chozi na nyuki. Mgagani: huchanua baada ya mvua za Machi, mgeni wake ni nondo wa jioni. Maua arobaini na matatu, kila moja na tarehe zake na wageni wake, yote yakiwa yameota yenyewe nyuma ya nyumba yake pale Nyabusalu, kijiji cha kando ya ziwa ambacho kutoka Kisesa unakifikia kwa pikipiki na uvumilivu. La arobaini na nne lilikuwa na jina tu. Kitunguu cha fisi. Mgeni wake hakujulikana.

Mtu mwingine angeandika "nyuki" akaenda zake kulala. Nestory hakuweza. Alikuwa bwana shamba kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo aliwaona wenzake wakijaza ripoti za pamba kwenye meza ya chai, ekari kwa ekari, bila hata kulowa umande. Aliwadharau kabisa. Yeye alichoandika alikuwa amekiona kwa macho yake mwenyewe, na alipenda kulisema hilo mara nyingi kuliko watu walivyopenda kulisikia.

Sasa tatizo lilikuwa ni hayo macho.

Lakini tuanze na majani, maana maneno ya kijiji nayo yalianza na majani. Huyu ndiye aliyekuwa akizunguka vijiji vya Magu na pikipiki ya serikali akiwaambia watu wapalilie, wapande kwa mstari, wang'oe masalia ya pamba na kuyachoma kabla ya tarehe. Aliyekutwa na shamba chafu alisimamishwa mbele ya mkutano akaulizwa kama ana mikono. Kisha huyo huyo akastaafu, mgongo ukamkatalia kuinama, na mwaka wa kwanza nyuma ya nyumba hapakufyekwa. Alikuwa anakaa hapo asubuhi na kikombe chake cha chai kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Ndipo alipoona kwamba yale majani aliyoyapiga vita maisha yake yote yalikuwa yanachanua. Kila moja lilikuwa na mwezi wake, na kila moja lilikuwa na mdudu wake au ndege wake aliyelijua. Aliona haya kidogo, akanunua kauntabuku, na mgongo ulipopona hakumwambia mtu.

Pale kwenye mashine ya kusaga walisema Bwana Shamba kashindwa na shamba. Wengine walisema amechanganyikiwa, wengine kwamba anafuga nyoka. Mzigo mkubwa ulimwangukia mkewe, Modesta. Kwa wanawake wa pale uwanja hufagiliwa kabla jua halijachomoza, na mgeni anayefika asubuhi anatakiwa akute mistari ya ufagio bado iko chini. Modesta alikuwa na nyuma ya nyumba yenye nyasi za kumfika kifuani. Akawa anafagia mbele mara mbili kwa siku, kana kwamba mbele ingeweza kulipia nyuma.

Kitunguu cha fisi chenyewe kilimpata Nestory kwa bahati mbaya, na kila mara kwa bahati mbaya. Ni kitunguu kikubwa kinachokaa ardhini mwaka mzima kimya, bila jani wala dalili. Mvua za kwanza za vuli zikipiga, unatoka mche mmoja mnene, na juu yake linafunguka ua moja la duara, jekundu, kubwa kama kichwa cha mtoto, limejaa nyuzi kama brashi. Kwa siku tano au sita linawaka pale kwenye nyasi, kisha linanyauka, na ndiyo hadi mwakani. Mwaka wa kwanza Nestory alikuwa Kiseke kwenye ubatizo wa mjukuu, kwa binti yake Gladness. Aliporudi alikuta kitu chekunduchekundu kimelala, na ilimchukua wiki nzima kuuliza watu hadi apate jina.

Mwaka wa pili alijiandaa. Alizungushia vijiti mahali pale ili asipakanyage, akaweka kigoda, akangoja mvua. Mvua ikaja, na siku iyo hiyo akapigiwa simu kwamba zamu yake ya kliniki ya macho Mwanza imefika, ile aliyoisubiri tangu Julai. Akaenda. Alikaa siku nne akipimwa na kuwekwa dawa za kutanua mboni, na alichoambiwa mwishoni ni presha ya macho, tena ya siku nyingi. Alirudi akakuta ua limekwisha. Akamuuliza Modesta kama alilitazama.

Modesta alisema alilitazama, lilikuwa jekundu.

Nestory akauliza nani alilijia, ndege, kipepeo, nyuki, mdudu gani. Modesta akasema yeye alikuwa anaanika mihogo. Siku mbili Nestory hakuongea ndani ya nyumba ile, na mihogo aliila kwa kinyongo.

Daktari alikuwa kijana mwenye subira. Alimweleza kwamba ugonjwa huu hauleti giza. Hakuna pazia jeusi litakaloshuka. Sehemu ya picha inaondoka na akili inaziba pengo kwa kile kilicho kando yake, kwa hiyo mgonjwa haoni kwamba haoni. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Matone yatalinda kilichobaki, kwa muda, na muda huo hakuna anayeweza kuupima. Nestory alimsikiliza, akamshukuru, na hakumwamini sana. Yeye alikuwa anaona vizuri. Alisoma herufi za ukutani karibu zote. Ni kweli kwamba siku hizi alikuwa anagonga fremu ya mlango kwa bega la kushoto, lakini hilo lilikuwa kosa la fundi aliyeweka mlango mwembamba.

Alimwapisha Modesta asimwambie mtu. Mtu aliyewasimamisha wenzake mikutanoni hawezi kukubali kushikwa mkono kuvushwa mfereji. Na usiku wa siku ile, akiwa amelala chali, hesabu aliyopiga ilikuwa rahisi: vuli inayokuja huenda ikawa ya mwisho ambayo macho haya yatafaa kitu. Alitaka kuliona lile ua limefunguka, na alitaka kumwona mgeni wake. Baada ya hapo yatakayokuwa na yawe.

Mwaka huo aliupita kwa kuhesabu. Januari na Februari, jua lilipokausha nyasi, alitazama kenge aliyekuwa anapanda kutoka kwenye matete kuja kuota jua juu ya mawe, akiwa na dharau usoni utadhani ni diwani. Machi mvua kubwa zikashuka na kila kitu kikaota kwa fujo. Ndege kwera wakaja kung'oa majani ya matete kwa ajili ya viota, wakigombana kutwa. Juni shubiri mwitu zikachanua pale mawe yalipo, na chozi wakafika, wale ndege wadogo wa midomo iliyopinda, wakawa wananyonya ua moja hadi jingine. Aliwajua wa aina tatu. Wa nne, mwenye mkia mrefu, alimwona mara moja tu tangu aanze kuandika, na mara hiyo moja ilikuwa kama kufumba na kufumbua. Agosti wadudu wa ziwani walisimama juu ya maji kama moshi, na mbayuwayu wakawafuata.

Lakini kazi haikuwa inakwenda. Mwandiko ulikuwa unakua mkubwa kila mwezi, na mistari inapanda juu. Aliandika kinyonga, akarudi kumtazama saa moja baadaye, akakuta ni jani la mgomba. Akafuta. Ndege walikuwa wanatokea ghafla, kana kwamba wanachipuka hewani, na kupotea vivyo hivyo. Alisikia mabawa upande wa kushoto, akageuka, akakuta tawi linatikisika peke yake. Akawalaumu ndege. Akawalaumu watengenezaji wa miwani. Akamlaumu mbuzi wa jirani kwa kuwatisha. Alikuwa amechoka kukasirika na hakuwa na namna nyingine ya kuipitisha siku.

Mvua ya kwanza ilipiga wiki ya mwanzo ya Oktoba. Siku ya nne Nestory alipiga magoti ndani ya vile vijiti, akakuta ncha imetoboa udongo, nene kama kidole gumba. Alikaa pale magotini hadi suruali ikalowa. Jioni alikula ugali wote, akamwomba Modesta amwongezee mboga, na Modesta akajua.

Shida ni kwamba Oktoba ni mwezi wa rozari. Kwa Wakatoliki wa Nyabusalu, mwezi huo sanamu ya Bikira Maria huzunguka nyumba kwa nyumba. Jumuiya nzima huja kusali, na sanamu hulala hapo hadi nyumba inayofuata. Huwezi kukataa. Unaweza kukataa mgeni wa serikali ukasingizia msiba, lakini sanamu huikatai. Mwenyekiti wa jumuiya, Odeta, mama mwenye sauti ya kuongoza nyimbo na mikono ya kuongoza kila kitu kingine, alipeleka taarifa: kwa Machibya ni Jumamosi, saa kumi jioni.

Nestory alisema waje, wakae mbele, wasali, waende. Nyuma asikanyage mtu. Modesta alikubali upesi mno, na mume mwenye macho mazima angegundua.

Ijumaa jioni chipukizi lilikuwa limefika gotini, na kichwa chake kimefumba, chekundu kwa ndani. Nestory alikipapasa kwa kidole. Kwa hesabu yake kingefunguka Jumatatu. Usiku ule Modesta akamwambia kwamba duka la dawa la Kisesa limepiga simu, matone yake yamefika, nayo chupa ya nyumbani imebaki kama ya siku moja. Nestory hakutaka kwenda. Lakini matone ndiyo yaliyokuwa yanamlindia Jumatatu yake, kwa hiyo Jumamosi alfajiri, kabla hakujapambazuka vizuri, akapanda pikipiki.

Kisesa walimweka. Mwenye duka alikuwa amekwenda mjini na ufunguo wa kabati. Nestory alikaa kwenye benchi hadi saa nane, akinunua soda asiyoitaka, akimwambia kila aliyepita kwamba nchi hii ina watu wa ajabu. Alipopata chupa yake na kurudi Nyabusalu ilikuwa karibu saa kumi. Alizunguka nyumba moja kwa moja kwenda kwenye vijiti vyake.

Hapakuwa na vijiti. Hapakuwa na nyasi, wala mgagani, wala vichaka vya pembeni. Ardhi ilikuwa imefyekwa, ikalimwa juujuu, ikafagiliwa, na mistari ya ufagio ilikuwa imelala sawasawa hadi kwenye matete. Unaweza kusema ilikuwa kazi nzuri. Ingekuwa zamani angeileta kamati ya wilaya ije ione. Mahali fulani katikati ya weupe ule wanawake walikuwa wanatandika turubai na kupanga viti, wakiimba. Mmoja alimwona akapaza sauti kwa furaha, shikamoo Bwana Shamba, tumekuondolea nyoka.

Nestory hakuitikia marahaba. Aligeuka, akagonga fremu ya mlango kwa bega, akaingia chumbani.

Modesta akamfuata. Yeye alikuwa na mengi ya kusema na alikuwa ameyapanga tangu asubuhi, lakini Nestory alimwahi.

"Umewaambia."

"Nimewaambia," alisema Modesta. "Nimemwambia Odeta kwamba huoni. Wakasema mtu asiyeona hakai na kichaka mgongoni, wakaja na mapanga yao bila hata kuniomba chai. Ulitaka niwafukuze?"

"Mimi naona."

"Baba Gladness."

"Naona, nakwambia. Toka uende kwa wageni wako."

Modesta akasema kuna jambo angependa aje alione pale nje. Nestory akamjibu kwamba amekwisha kuona ya kumtosha mwaka mzima, na kwamba atawaambia watu kichwa kinamuuma.  Modesta naye alikuwa na hasira zake, za miaka mitatu ya kufagia mbele mara mbili. Akasema sawa, akaenda, na hakumwambia lile jambo.

Walisali. Nestory alikaa kitandani na chupa yake ya matone mkononi, akisikia Salamu Maria zikipanda na kushuka nje ya dirisha, hatua kumi tu kutoka alipo. Alifikiria kile kichwa chekundu kilichofumba, kimelala mahali fulani ndani ya lundo la majani makavu kikingoja kiberiti. Alifikiria kwamba ametumia miaka mitatu kungoja kitu ambacho mama mmoja mwenye panga amekimaliza kwa pigo moja, tena akimwombea. Hakuna hata wa kumgombeza. Ubaya ungekuwa rahisi; huu ulikuwa wema, na wema huna pa kuushtaki. Macho yalimuuma kwa machozi, akayapangusa upesi kwa sababu dawa haitaki maji.

Kwenye tendo la tatu la rozari, uchungu ulimshinda akasimama dirishani. Alisogeza pazia. Aliona migongo na vilemba. Aliona meza yao ndogo ya sala na kitambaa chake cheupe, mshumaa, na sanamu ya Bikira Maria imesimama. Mbele kabisa, karibu na meza, palikuwa na kiti kimoja kitupu. Kiti kile kilimchukiza. Alidhani wamekiweka ili kila mtu aone kwamba mwenye nyumba hayupo. Alibaki pale akiikazia meza macho kwa muda mrefu, akitafuta nani wa kumchukia zaidi, hadi Odeta alipoanzisha wimbo wa mwisho. Kisha akaachia pazia.

Walipokwisha kunywa uji na kuondoka, Modesta aliingia akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ungetoka," alisema. "Ndege alikuja."

Nestory akauliza ndege gani, amekuja wapi.

Ndipo akaelezwa. Asubuhi ile, watu walipofika na mapanga, ua lilikuwa limekwisha kufunguka. Halikungoja Jumatatu. Modesta mwenyewe alisimama ndani ya vijiti akasema hiki hakikatwi, na mama mmoja mgeni katika jumuiya, Aoko, aliyeolewa kwa Odongo mvuvi wa dagaa, alikuwa wa kwanza kuliona na alipiga magoti kulitazama. Lakini Odeta alisema ua kama lile halikuota bure mwezi wa rozari, liende kwa Mama. Modesta akafikiri. Akaona kwamba mezani litakuwa juu, mahali pa wazi, na mume wake hatahitaji kutambaa kwenye majani ili alione. Akalikata yeye mwenyewe, kwa kisu, akalitia kwenye jagi. Akachukua kiti kizuri cha sebuleni akakiweka mbele kabisa, mkabala na jagi.

"Kile kiti kilikuwa chako," alisema.

Na wakiwa katikati ya rozari, ndege mdogo aliingia chini ya turubai, akashika nyuzi za ua, akawa ananyonya huku watu wanasali. Walichukulia kwamba ni baraka.

Nestory alikuwa amesimama tayari. Ua liko wapi? Odeta alikuwa amelibeba kwa baiskeli kulipeleka kigangoni kwa ajili ya misa ya kesho. Ndege alikuwaje? Modesta alisema alikuwa mdogo. Rangi gani? Alikuwa mbele yake mtu mnene, hakuona vizuri. Nestory alitoka mbiombio akawakuta akina mama wawili bado njiani. Mmoja akasema ndege alikuwa wa njano, mwingine akasema hakuwa ndege, alikuwa kipepeo, na hata hivyo yeye alikuwa amefumba macho kama anavyotakiwa mtu anayesali. Alimpigia simu Odeta. Odeta akamwambia amshukuru Mungu, rangi si hoja. Nestory alikata simu kabla hajasema la kumtenga na jumuiya.

"Muulize Aoko," alisema Modesta nyuma yake, akihema. "Yule hakufumba macho. Nilimwona."

Wakateremka ziwani. Jua lilikuwa limeanza kulegea, na Aoko alikuwa kwenye chanja anakusanya dagaa kabla umande haujashuka. Alipowaona alijipangusa mikono kwenye kanga, akapiga goti kidogo, akawaamkia shikamoo wote wawili. Kiswahili chake kilikuwa na Kijaluo ndani yake, kikienda polepole, kikichagua pa kukanyaga. Nestory hakuwa na uvumilivu wa salamu ndefu. Akamuuliza kama alimwona ndege.

Alimwona. Akamweleza bila kuhimizwa. Kichwa cha kijani kinachong'aa, kama mgongo wa nzi wa kijani, yule wa kwenye kinyesi. Kifua chekundu cha kuiva. Mdomo umepinda. Na mkia una nyuzi mbili ndefu katikati zilizotokeza. Hakunyonya katikati ya ua, alianza pembeni akazunguka, na kila alipohama alitingisha jagi kidogo. Alikaa tangu tendo la tatu hadi wimbo.

Ni yule wa mkia mrefu. Nestory alijua kabla hajamaliza. Alikuwa na mgeni wake, na alikuwa naye kutoka kwa mtu aliyejua kutazama kuliko maofisa wote aliowahi kufanya nao kazi. Furaha na hasira zilimjia pamoja, akashindwa kujua aanze na ipi. Akamwambia Aoko kwamba ametazama vizuri sana.

Aoko alitabasamu, akaona haya.

"Lakini na wewe ulimwona, mzee," alisema.

"Mimi nilikuwa ndani."

"Ulikuwa dirishani. Ulifungua pazia. Mimi nilikuwa upande ule, nikakuona. Nikasema moyoni, heri, mzee naye anaona. Umekaza macho pale pale kwenye ua, hata hupepesi, mpaka ndege amekwenda."

 Nestory alirudi dirishani kwa akili yake, akasogeza pazia tena. Migongo. Vilemba. Kitambaa cheupe, mshumaa, sanamu. Kitambaa kilikuwa kizima, cheupe mwanzo hadi mwisho, bila jagi na bila kitu chekundu kikubwa kama kichwa cha mtoto. Hapakuwa na giza mahali popote. Alikuwa amekitazama kitambaa kile kwa muda wa makumi matatu ya rozari na angeweza kuapa mbele ya hakimu.

Modesta alikuwa ameelewa kabla yake. Alimsogelea akamshika kiwiko, na Nestory, ambaye siku zote aliuvuta mkono, aliuacha.

"Jagi," alisema hatimaye. "Walikuwa wameliweka wapi?"

"Kwenye meza."

"Najua ni kwenye meza. Upande gani?"

Aoko hakuelewa kwa nini mzee anauliza kwa sauti ile. Alisimama mbele yake, akaweka mkono mmoja katikati, akisema chukulia hapa ndipo sanamu ilipo, na mkono wa pili akaunyoosha pembeni, kushoto kwa Nestory, si mbali, kiasi cha shibiri mbili za mkono.

"Hapa," alisema. "Lilikuwa hapa."

Nestory aligeuza kichwa kidogo, kisha kidogo tena, mpaka mkono ukatokea.